MZIO SI MARINGO

Katika visiwa vyetu mgeni na mwenyeji hula sinia moja. Desturi hiyo ni njema na hatuna nia ya kuigusa. Lakini imeandamana na tabia moja ambayo tunaona wakati umefika isemwe hadharani. Mtu akijiepusha na mchuzi wa pweza, au akiomba asitiliwe kamba, huambiwa kwamba anajidai na kwamba chakula cha watu wa hapa hakimridhishi. Hubembelezwa, hushikwa mkono, huapiwa, na mwishowe hula kwa kuona haya. Mara nyingi hapana linalotokea. Lakini wako wachache ambao, baada ya dakika chache tu, midomo yao huvimba, ngozi hutoka mabaka yenye kuwasha, koo hubana, na yule aliyedhaniwa kuwa na maringo huanza kupigania pumzi yake mbele ya wenyeji wake.

Hali hiyo madaktari huiita mzio. Si maradhi ya kuambukiza, si husuda, wala si kazi ya shetani. Kila mwili una kinga yake dhidi ya vijidudu vya maradhi. Kwa baadhi yetu kinga hiyo hukosea, ikakiona kitu kisicho na madhara, kama vumbi, nyama ya kaa, karanga, korosho, yai au maziwa, kuwa ni adui. Hapo mwili humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa histamini, nazo ndizo zinazoleta chafya za mfululizo, makamasi mepesi kama maji, macho mekundu, vipele na kifua kubana. Mafua ya kawaida huja na homa au maumivu ya mwili na huondoka baada ya siku kadhaa. Mafua ya mzio hayana homa, huwasha pua na macho, na hurejea kila mtu akikutana tena na kilichomdhuru. Mwenye kuitazama tofauti hiyo kwa makini atajiepusha na dawa nyingi asizozihitaji.

Inafaa watu wa pwani wajue kwamba elimu ya mzio mkali ilianzia baharini. Mwaka 1901 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika merikebu ya Albert, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya kiumbe cha baharini kinachofanana na yavuyavu. Waliporudi Paris waliendelea na uchunguzi kwa mbwa, wakitaraji kwamba mbwa aliyepewa sumu kidogo na akapona angekuwa amepata kinga. Wakaona kinyume chake: mbwa aliyepona, alipopewa tena sumu kidogo baada ya majuma kadhaa, alikufa upesi. Kwa kazi hiyo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Nasi tunalo la kuchukua hapo. Mtu aliyekula kamba mwaka jana akatoka vipele tu hana dhamana kwamba mara nyingine yatakuwa vipele tu. Basi wale wanaomwambia ale kidogo kidogo mpaka azoee, wakome. Jambo hilo si la kujaribiwa jikoni.

Mizio iliyo mingi haitoki katika sahani bali katika vumbi. Ndani ya magodoro, mito na majamvi huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao hula chembe za ngozi zinazotubanduka na hupata maji yao kutoka katika unyevu wa hewa. Hewa ya visiwani ni ya unyevu mwaka mzima, hivyo hapa wanastawi. Kinachodhuru hasa ni kinyesi chao. Mende nao wana mchango wao. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila juma, na godoro lianikwe juani mpaka likauke barabara. Moshi wa kuni na wa sigara si mzio, lakini mwenye pumu humzidishia dhiki, na katika hili akina baba wanaovuta sigara chumbani penye mtoto mwenye pumu hawana udhuru wowote.

Kuhusu pumu tunasikia kila siku kwamba dawa ya kuvuta kwa mdomo haifai kwa sababu mtu akiizoea hawezi kuiacha. Maneno haya yanaua. Dawa hizo ziko za namna mbili: moja hufungua kifua wakati mtu amebanwa, nyingine hutumiwa kila siku ili asibanwe. Mgonjwa anayehitaji ile ya kwanza mara kwa mara hajawa mtumwa wa dawa. Pumu yake haijadhibitiwa, na arudi kwa daktari. Kwa watoto wasioweza kuivuta vyema, madaktari wa Cape Town walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu linalolingana sawasawa na mdomo wa kopo la dawa, hufanya kazi kama chombo maalumu cha dukani. Wauguzi wa vituoni na wawafundishe akina mama jambo hilo.

Liko jambo jingine ambalo wavuvi na wachuuzi hawana budi kulifahamu. Jodari, sehewa na vibua wakikaa juani bila barafu, vijidudu huzalisha histamini ndani ya nyama yao. Mlaji huwiva uso, huumwa na kichwa, moyo humwenda mbio na ngozi humwasha, nawe ungeapa kwamba ni mzio. Lakini mzio humpata mmoja katika sinia. Samaki aliyeharibika huwapata wengi waliokula chungu kimoja. Kumpika au kumkaanga hakuondoi histamini iliyokwisha kuzaliwa, wala si lazima samaki huyo anuke. Kwa hiyo barafu madikoni ni suala la afya ya umma, si la biashara peke yake, na maofisa wa uvuvi na wa afya wanapaswa kulishughulikia pamoja, badala ya kila upande kungoja barua ya mwenzake.

Tunarudi kwenye mzio mkali, kwa kuwa hapo ndipo roho hupotea. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, upande wa nje, mara tu dalili za kifua, koo au kuzimia zinapoonekana. Vidonge vya kuzuia kuwashwa havishiki nafasi yake. Mgonjwa alazwe na miguu iinuliwe. Akishindwa kuhema akaliswe, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Akipata nafuu asirudishwe nyumbani papo hapo, kwani dalili huweza kurejea baada ya saa kadhaa. Na kila aliyewahi kudhurika kwa penisilini aseme kabla hajachomwa sindano, na muuguzi aandike katika kadi yake kwa herufi zinazosomeka.

Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake si ya kutisha. Lakini huharibika kwa joto na mwanga, na muda wake hupita. Tunawauliza wahusika: katika kila kituo cha visiwa vidogo, ambako hospitali ni safari ya mashua na pengine bahari imechafuka, sindano hiyo ipo? Imehifadhiwa wapi, muda wake unakwisha lini, na usiku ufunguo wa kabati huwa kwa nani? Tunaomba majibu yabandikwe katika ofisi za masheha, kituo kwa kituo, ili mtu wa Tumbatu au Kojani ajue pa kumkimbiza mwanawe kabla koo halijafunga.