MPIRA WA MIKONO: USIMPIME KIJANA KWA MIZANI YA MTU MZIMA

Ndugu msomaji, Ujiji na jirani yake Kigoma ni miji inayosifika zaidi kwa mpira wa miguu. Hata hivyo upo mchezo mwingine, usiohitaji kiwanja kikubwa wala viatu vya njumu, ambao watoto wetu huucheza katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Huo ni mpira wa mikono. Jumapili ya leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza, nalo ni tofauti ya ukakamavu wa mwili baina ya mchezaji kijana na mchezaji mtu mzima.

Wajua ilivyo mitaani. Timu ya wakubwa inapopungukiwa na mtu jioni, kijana wa miaka 14 aliyerefuka haraka huitwa kuziba pengo. Yeye hufurahi, na baba yake hujivuna. Kwa upande mwingine, wapo watu wanaowaingiza vijeba katika timu za shule, wakiwapambanisha na watoto wadogo ili kombe lipatikane. Mambo haya mawili yana kosa moja ndani yake: kudhani kwamba kijana ni mtu mzima aliyepungukiwa kimo tu.

Sheria za kimataifa za mchezo huu hazikubaliani na dhana hiyo. Kiwanja ni mita 40 kwa 20, na kila upande una wachezaji 7. Watu wazima hucheza vipindi viwili vya dakika 30. Vijana wa miaka 12 hadi 16 hucheza vipindi viwili vya dakika 25, na watoto wa miaka 8 hadi 12 dakika 20 kila kipindi. Mpira wa kawaida wa wanaume una uzito wa gramu 425 hadi 475, ilhali ule wa wanawake na wa wavulana wa miaka 12 hadi 16 una gramu 325 hadi 375. Gramu 100 ni kidogo sokoni, lakini si kidogo kwa bega linalorusha mara mia katika zoezi moja.

Sababu yake imo katika mifupa. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa kabisa anapokaribia miaka 12, na mvulana anapokaribia miaka 14. Katika kipindi hicho mifupa hutangulia, na nguvu za misuli hufuata baadaye. Ndiyo maana kijana aliyekuwa mwepisi mwaka jana huonekana mwaka huu akijikwaa na kuangusha mipira. Huo si uzembe, bali ni mwili unaojifunza vipimo vipya. Isitoshe, ncha za mifupa yake, pale inapokulia, bado ni laini. Kijana anayelalamika maumivu chini ya goti, kisiginoni, begani au kwenye kiwiko kwa siku nyingi asiambiwe ajikaze. Apumzishwe, na yakiendelea apelekwe kwa mganga hospitalini.

Je, kijana ameshindwa katika kila jambo? La hasha! Katika pumzi, ukilinganisha kilo kwa kilo ya uzito wa mwili, kijana mwenye mazoezi hutumia hewa ya oksijeni karibu sawa na mtu mzima. Tena baada ya mbio fupi za kasi yeye hurudiwa na pumzi mapema zaidi. Anapozidiwa ni katika nguvu za ghafla: kurusha kombora, kuruka juu na kusukumana. Mrusho hauanzi mkononi. Huanza miguuni, hupita kiunoni na begani, na mwili mzito wenye misuli iliyokomaa huutia kishindo. Kwa kuwa sheria huruhusu mlinzi kumzuia mshambuliaji kwa kiwiliwili, kumweka mtoto mbele ya kijeba ni kumweka mahali pa kuvunjika.

Mtu mzima naye asijidanganye. Baada ya umri wa miaka 25 hadi 30, asiyefanya mazoezi hupoteza kama asilimia 10 ya uwezo wa pumzi kila miaka kumi. Kupakua mizigo bandarini kutwa nzima huujenga mgongo, lakini hakumwandai mtu kukimbia na kugeuka kwa dakika 60. Anayeingia kiwanjani mara moja kwa mwezi, bila kupasha mwili joto walau kwa dakika kumi, hualika kuchanika kwa misuli. Na anayeshikwa na maumivu ya kifua aache mchezo palepale, aende hospitali.

Lakini mazoezi yasiyokatika huchelewesha uzee wa mchezaji. Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, alilinda lango la Taifa Stars dhidi ya Burundi mwezi Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 34, na Tanzania ikashinda kwa mikwaju ya penalti jijini Dar es Salaam. Ule ni mpira wa miguu, lakini funzo ni lilelile: kile ambacho miaka hukipunguza katika wepesi, mazoezi na uzoefu huweza kukifidia.

Basi tufanyeje? Mwalimu na ampime kijana kwa kumlinganisha na nafsi yake. Chora alama ya chaki ukutani kuonyesha alipofika kwa kuruka. Pima kwa hatua umbali wa mrusho wake. Hesabu ni mara ngapi anakwenda na kurudi mita 20 kabla ya kuchoka. Rudia kila mwezi, na uandike daftarini. Mazoezi yake yawe ya ufundi, mbio za michezo na kubeba uzito wa mwili wake mwenyewe. Apewe mpira wa rika lake, na siku moja au mbili za kupumzika kila juma.

Mzazi naye ana sehemu yake. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Aliyekesha ziwani akivua dagaa kwa taa asidaiwe mbio jioni. Chakula hakiko mbali: dagaa wetu, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, hujenga mifupa ya mlaji, na mawese mekundu humpatia mwili vitamini A.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema avunjwe. Ndugu msomaji, kabla hujampigia makofi mwanao anayecheza na wakubwa, tazama kwanza ni nani aliyesimama mbele yake. Na wewe unayemwingiza kijeba katika timu ya shule, kumbuka kwamba kombe hukaa kabatini, lakini goti lililoharibika utotoni humfuata mtu hadi uzeeni.