Kikao kwanza, rangi baadaye

Mwaka 1959 jiji la Philadelphia, Marekani, lilipitisha sheria ya kutenga hadi asilimia moja ya gharama za ujenzi wa umma kwa ajili ya sanaa. Miji mingine mingi ya nchi hiyo iliiga. Hata hivyo, sanamu ya kwanza ya mtu mweusi kwa jina lake katika ardhi ya jiji hilo ilizinduliwa Septemba 2017. Ni ya Octavius Catto, mwalimu aliyepigania haki ya kupiga kura na kuuawa kwa risasi siku ya uchaguzi, Oktoba 1871. Miaka 58 fedha ilikuwapo, Catto hakuwapo.

Kutenga fungu ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Swali gumu ni nani anaitwa kwenye kikao cha kuamua.

Philadelphia hiyohiyo inalo jibu zuri. Mwaka 1984, Meya Wilson Goode aliunda kikosi cha kukomesha vijana waliochorachora kuta ovyo. Msanii Jane Golden, aliyeajiriwa humo, aliwashikisha brashi. Kikosi kikazaa Mural Arts, mpango ambao umeshachora kuta zaidi ya 4,000. Ufundi wao uko kwenye kitambaa: mchoro ukikubaliwa huhamishiwa kwenye vipande vya kitambaa chepesi vilivyochorwa mistari na kutiwa namba, kila namba na rangi yake. Vipande hupelekwa shuleni, kwenye kumbi za mtaa, hata gerezani. Asiyewahi kushika brashi maishani anajaza buluu yake, anamwachia mwenzake kijani. Kisha vyote hubandikwa ukutani kwa gundi, mpita njia asijue viliunganishwa wapi.

Kabla ya kitambaa, wakazi huitwa na kubishana. Vikao hivyo vina gharama: ukumbi, mkalimani, muda wa msanii. Mhasibu yeyote angetamani kuanza kukata hapo, na angekosea.

Ushahidi wa hasara ya kutoita watu upo. Mwaka 2022 jiji lilimkabidhi Wesley Wofford kazi ya sanamu ya Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyewatorosha watumwa, ya dola 500,000, bila kushindanisha wasanii. Wofford ni mchongaji hodari, lakini ni mzungu, na wasanii weusi hawakupewa hata nafasi ya kujaribu. Wakapinga. Jiji likarudi nyuma, likatangaza shindano, na mwaka 2023 akachaguliwa Alvin Pettit.

Vikao navyo vina mitego yake. Katika mtaa wa Soko la Waitalia palikuwa na mchoro mkubwa wa Frank Rizzo, mkuu wa polisi aliyekuja kuwa meya kati ya 1972 na 1980. Waitalia wengi wa mtaa ule walimwona mtoto wao aliyefanikiwa. Weusi wengi waliona virungu vya polisi. Juni 2020 ukuta ukapakwa rangi kuufuta mchoro. Mtaa mmoja ulikuwa umeweka sura ambayo jiji zima lililazimika kuitazama. Kwa hiyo walioumizwa nao waalikwe, hata kama wanakaa ng'ambo ya mji.

Huku kwetu mazoea ni kuletewa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Mapembe ya Mombasa yanatokana na ziara za kifalme za miaka ya 1950. Yamezoeleka na kupendwa, sawa, lakini wenyeji hawakuulizwa.

Mwaka 2017 Kenya iliwatambua Wamakonde kuwa kabila la 43, na Wakenya wenye asili ya Asia kuwa la 44. Utambuzi huo uonekane pia kwenye kuta. Kaunti inayojenga soko au stendi itenge asilimia moja, na sehemu ya fungu hilo iandikwe waziwazi kuwa ni ya vikao. Kwenye kamati akae mchongaji wa Kimakonde, fundi wa Kihindi na mama mboga wa soko lenyewe, kila mmoja na kura yake. Tangazo la kazi litoke redioni kabla mkandarasi hajamwaga zege, maana jengo likishapanda, kuta zenye nafasi nzuri huwa zimeshauzwa kwa mabango ya soda na simu.