"Ndiyo" ya Mjapani na "ndiyo" ya Mhindi

Serikali ya India ilipotia sahihi mkataba na kampuni ya Suzuki mwaka wa 1982, wengi walitazamia magari tu. Gari la kwanza la Maruti lilitoka kiwandani Gurgaon mnamo Desemba 1983. Lakini Wajapani walikuwa wameshikilia pia kwamba meneja na fundi wavae sare moja na kula katika ukumbi mmoja. Jambo zito katika nchi ambamo cheo na tabaka viliamua nani aketi na nani.

Sare ilikuwa rahisi kuliko maneno. Chukua neno "hai", ambalo kamusi hulifasiri kuwa "ndiyo". Mjapani hulitamka mara kwa mara mwenzake anapozungumza, na aghalabu humaanisha "nakusikiliza", wala si "nimekubali". Mhindi naye, akiulizwa na mkubwa wake iwapo kazi itakwisha Ijumaa, huenda akayumbisha kichwa huku na huku na kujibu "ndiyo", akikusudia "nitajitahidi". Ijumaa ikifika, mmoja huona amedanganywa na mwenzake huona amedharauliwa, ilhali hakuna aliyesema uongo.

Isitoshe, Mjapani hufunzwa kazini kutoa ripoti, kupasha habari na kuomba shauri kabla ya kuulizwa. Silabi za kwanza za maneno hayo matatu ya Kijapani huunda "horenso", ambalo pia ni jina la mboga ya spinachi! Mhandisi wa Kihindi aliyezoea kuachiwa kazi hadi aimalize huona anachungwa.

Hata hivyo, twapinga desturi ya kuutupia utamaduni kila lawama. Ghasia za Julai 2012 katika kiwanda cha Maruti Suzuki cha Manesar, ambamo meneja mmoja Mhindi aliuawa, zilitanguliwa na mgogoro mrefu kuhusu chama cha wafanyakazi, mishahara na vibarua. Madai hayo hayakuhitaji mkalimani.

Palipo na haja ya mkalimani, mwalimu wa lugha ana kazi. Mwanafunzi wa Kijapani mjini Pune anayeambiwa kwamba "hai" ni "ndiyo" na kuachwa hapo, ameandaliwa kupita mtihani tu. Wakubwa wa Kijapani nao yafaa wazoee kupokea jibu la "bado" bila kukunja uso. Mazoezi yaanze darasani: mwalimu aigize mkubwa, na mwanafunzi ajizoeze kutamka, mapema na kwa adabu, kwamba kazi haitakuwa tayari Ijumaa.