AFYA KATIKA JAMAA: ROVU SI UKOSEFU WA CHUMVI TU



Kwetu Butembo na Beni, mtu akivimba shingo, yaani akishikwa na rovu, wazee wana jibu moja: “Apewe chumvi nzuri.” Jibu hilo lina haki yake. Katika nchi ya milima mvua huosha iodini udongoni, na tezi ya shingo ikiikosa hujitahidi kufanya kazi yake hata ikavimba.

Lakini hata zamani jambo hili halikuwa jepesi. Katika miaka ya 1960 waganga wa Ubelgiji walichunguza watu wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kusini yetu. Iodini ilikuwa haba kisiwani kote. Walakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi wachache tu. Waliona kwamba muhogo una sehemu yake: usipolowekwa vema, huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi isipate hata ile iodini kidogo iliyopo.

Kisha, katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ikaenea Kivu. Hiyo ni neema kubwa, hasa kwa watoto walio tumboni, maana wakikosa iodini akili zao hudumaa. Ila mwaka 1996 gazeti la waganga, The Lancet, lilitoa habari ya wagonjwa wa Kivu waliopatwa na iodini nyingi kupita kiasi: tezi zao zikatoa homoni bila kipimo. Basi mwenye rovu asijiongezee chumvi kwa shauri la jirani.

Tena, penye iodini ya kutosha, sababu kubwa ya maradhi ya tezi ni nyingine kabisa. Ni mwili kujipiga wenyewe. Askari wa damu, waliowekwa kutulinda na vijidudu, huigeukia tezi kana kwamba ni adui. Wanawake hupatwa mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na huonekana katika ukoo mmoja.

Namna ya kwanza ilielezwa mwaka 1912 na mganga wa Kijapani, Hashimoto Hakaru, aliyechunguza tezi za wanawake 4. Hapo tezi huharibiwa polepole na homoni hupungua. Mama huchoka, husikia baridi, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, na mwili hunenepa bila kula sana. Huku Butembo juu, ambako kila mtu huvaa sweta asubuhi, nani atashangaa kuona mama anasikia baridi? Huitwa mvivu tu.

Namna ya pili waganga wetu huiita ugonjwa wa Basedow. Hapa tezi husukumwa itoe homoni nyingi mno. Mgonjwa hula vizuri na huku anakonda. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, pengine macho hutokeza. Kati ya watu 100 wenye homoni nyingi, 60 hadi 80 wana ugonjwa huu, katika nchi zenye iodini ya kutosha.

Ni hapo maneno mabaya huanza. “Amelishwa sumu.” “Shangazi yake amemroga.” Mwanamke mzee asiye na kosa hufukuzwa katika ua, hali adui yumo ndani ya damu ya mgonjwa mwenyewe! Kumsingizia jirani ni dhambi, wala hakumponyi mtu.

Damu hupimwa kwanza TSH, homoni ya kichwani inayoiamrisha tezi. Kisha kingamwili, ambazo ndizo alama ya hao askari walioasi. Si kila kituo cha afya kina vipimo hivi. Mwulizeni muuguzi hospitali ipi inavyo, kabla ya kutumia fedha ya nauli.

Aliyepungukiwa homoni hupewa levotiroksini, naye huimeza asubuhi kwa maji matupu, kabla ya chai na chakula, mara nyingi maisha yote. Akichukua mimba asiiache. Amwone mganga mapema, kwani huenda akahitaji kuongezewa. Mwenye Basedow anayemeza karbimazoli, akipata homa na koo kuuma, aache dawa na aende hospitali siku ile ile apimwe damu, kwa maana mara chache dawa hiyo humaliza chembe nyeupe za damu.