Ndege wa Nchi ya Mbali na Malezi ya Baba



Wasomaji wetu watukufu, Mola wetu ametuita ndani ya Suratul Mulk tuwatazame ndege walio juu yetu, nasi wengi wetu hatuwatazami mpaka wawe sahanini. Mwezi wa Septemba nilijaaliwa kuzuru Australia, nikasafiri kwa gari pamoja na mpwa wangu, mkewe na kitoto chao cha miezi minne, kutoka Adelaide hadi Perth, mwendo wa takriban kilomita 2,700 kuikata nchi hiyo upande wa kusini. Mpwa wangu ni mpenzi wa ndege. Ana darubini na daftari, na kila aina asiyopata kuiona huiandika pamoja na siku na mahali.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri katika msikiti uliojengwa miaka ya 1888 na 1889, wakati wa Waislamu wachunga ngamia waliopelekwa huko kutoka Afghanistan na Bara Hindi kubeba mizigo jangwani. Wengi walikwenda bila wake wala watoto. Njia yetu ilielekea magharibi, na kibla cha huko ni magharibi kwa kupinda kidogo kaskazini, basi kila tuliposimama kusali hatukuwa na la kuulizana.

Karibu na Port Augusta tulimwona ndege mdogo kuliko shomoro, buluu mwili mzima isipokuwa mbawa nyeupe, akirukaruka katika vichaka vya nchi ya chumvi. Mbele yake tai wenye mabawa ya zaidi ya mita mbili walikuwa wakila kangaruu aliyegongwa barabarani. Daftari likajaa. Mama mtoto, nyuma ya gari, alikuwa akibembeleza.

Lakini aliyenishughulisha mimi ni loani, ndege mkubwa kama kuku, tuliyemkuta vichakani karibu na mji wa Kimba. Loani haatamii mayai kwa mwili wake. Dume hukusanya majani makavu na mchanga, akajenga kichuguu kinachoweza kufika upana wa mita tano. Majani yakioza hutoa joto, na jike huja kutaga humo yai moja moja, kwa siku zilizoachana. Dume ndiye mlinzi. Hutia mdomo mchangani kupima joto, nalo hutakiwa liwe karibu nyuzi 33. Likizidi, hufukua lipungue; likishuka, hufukia. Kazi hiyo humchukua sehemu kubwa ya mwaka. Tulimtazama kwa mbali akipekua mchanga kwa miguu, anatua, anapima, anaanza tena. Subhanallah!

Mama mtoto akauliza, "Baba mtoto, huyo umeshamwandika?"

"Nimemwandika."

"Basi andika na anachofanya."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mpwa wangu akanitazama kama mtu aliyenyimwa shahidi. Ndege si sharia kwetu, na mimi sisemi kuwa ni sharia. Kifaranga wa loani hujifukua mwenyewe, hamjui baba wala mama, na hakuna mzazi miongoni mwetu atakayetaka hayo. Lakini Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na ikifika sala hutoka kwenda kusali. Mwanamume anayeona aibu kumbeba mwanawe mbele ya wageni, aibu hiyo ameitoa wapi? Haikutoka katika dini. Mara nyingi nimeketi kusuluhisha wenye nyumba zao, na malalamiko ya mke hayakuwa fedha. Yalikuwa ni usiku.

Uwanda wa Nullarbor, ambao jina lake kwa Kilatini maana yake ni pasipo mti, tuliupita kwa siku mbili. Kuna kipande cha barabara, baina ya Caiguna na Balladonia, cha kilomita 146 pasipo kona hata moja, karibu sawa na kutoka Mombasa hadi Voi. Ndege hapo ni wachache na usingizi ni mwingi.

Baada ya Balladonia miti ikarudi. Emu akatoka msituni, mrefu kama mtu, akasimama katikati ya njia. Huyu naye ni baba: jike akishataga huenda zake, dume akaatamia mayai ya kijani iliyokoza kwa takriban wiki nane, akikaribia kutokula kabisa, kisha akatembea na vifaranga kwa miezi. Nyuma yake walikuja wadogo saba wenye milia, mmoja mmoja. Hakusogea mpaka wa saba alipovuka.

Mpwa wangu alikuwa ameshazima gari na kumpakata mwanawe dirishani. Daftari aliandika mkewe: emu, mmoja mkubwa, saba wadogo.

Wabillahi tawfiq.