Afisa Usafirishaji Asiye na Mkataba

Kuna kauli ambayo ukikaa stendi ya Makambako nusu saa tu utaisikia, na ukienda Njombe mjini utaisikia tena: "Wale vijana wa vifurushi hawana shida ya kazi, wana shida ya vyeo. Wakishapata mwenyekiti wanayemtaka watatulia." Wanaisema wenye maduka, wanaisema mabosi, na siku hizi, jamani, wanaisema hata watu wenye digrii mbili na kabati lililojaa riwaya. Nataka kuibishia kauli hii, tena mbele ya wasomaji wa fasihi, kwa sababu ninyi ndio mnaoijua Kuli ya Shafi Adam Shafi. Mlipaswa kuwa wa kwanza kuitilia shaka.

Tuanze na kazi yenyewe. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, ya kwenda Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo hapo. Simu, spea, dawa, sare za shule, na vitabu vyenu mnavyoagiza Dar, vinashushwa kwenye basi usiku, baridi ikiwa imeng'ata kweli kweli, vinaandikwa kwenye daftari, halafu kijana mwenye pikipiki anavipeleka mlangoni kwa mtu. Sisi tunaona ujumbe kwenye simu kwamba mzigo umefika. Nani kaufikisha? Hatuulizi.

Huyo kijana wanasiasa wamempa jina zuri: afisa usafirishaji. Mimi nimeandika habari miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuniita afisa. Lakini afisa huyu pikipiki mara nyingi si yake. Ni ya mkataba, au ni ya mtu anayesubiri hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni yake. Pancha ni yake. Kifurushi kikilowa, kikipotea, au mteja akikataa kukipokea, anakatwa yeye. Akiteleza barabarani akavunjika mguu, matibabu ni juu yake na wenzake watakaopitisha daftari la michango. Mkataba pekee alionao maishani ni ule wa pikipiki. Wa kazi hana. Na ukimuuliza bosi kwa nini, atakujibu kwa upole kabisa: "Huyu si mwajiriwa wetu, ni mshirika."

Mshirika gani ambaye hajawahi kuulizwa bei ipangweje?

Hapa ndipo sheria inaposahauliwa, na nadhani inasahauliwa kwa makusudi. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria mbili pacha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7. Wengi wanaijua ya kwanza. Ya pili ina kifungu cha 61 ambacho kingepaswa kubandikwa kwenye kila kijiwe. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata kama mkataba wao umeandikwa vingine, endapo lipo jambo moja tu kati ya haya: anaelekezwa na huyo mwingine namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na huyo mwingine, ni sehemu ya taasisi yake, amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamhudumia yeye peke yake. Jambo moja tu linatosha. Saa 45 kwa mwezi ni saa moja na nusu kwa siku. Kijana wa vifurushi anazimaliza ndani ya wiki moja na chenji inabaki. Anayesema kijana huyu si mwajiriwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Huo ni mzigo mmoja ambao kampuni ya mizigo haipendi kuubeba.

Sasa ugomvi wa uongozi unatoka wapi? Unatoka hapo hapo. Mtu ambaye kila siku anaambiwa si mwajiriwa haendi kufungua tawi la chama cha wafanyakazi, na chama chenyewe hakimfuati. Anajiunga na kilichopo: umoja wa kijiwe, umoja wa egesho, umoja wa bodaboda wa wilaya. Hizi ni jumuiya za heshima, zilianzishwa ili watu wazikane, wachangiane hospitali, wamtoe mwenzao pikipiki ikikamatwa na trafiki. Siwezi kuzidharau. Lakini hakuna kampuni inayolazimika kukaa nazo mezani kujadili malipo. Basi uenyekiti wake unageuka kuwa mlango. Mwenyekiti ndiye anayejua nani apate namba ya kubeba vifurushi, nani apewe rifleksa zilizoletwa na mgombea, nani asimame kwenye picha na mkuu wa wilaya. Weka mlango mmoja kwenye ua lenye watu mia wenye njaa, halafu kaa pembeni useme hawa watu wanapenda kusukumana.

Na bosi anaipenda sana hali hii. Katika wanaogombana anamchagua yule asiyeuliza maswali, anampa posho kidogo, anamtambulisha kuwa "kiongozi wenu". Wengine wakimkataa na kumchagua wa kwao, bosi anakunja mikono: angependa sana kuzungumza, ila ninyi wenyewe hamwelewani. Mbinu hii nimeiona zaidi ya mara moja katika kazi yangu, na si kwa wabeba vifurushi tu. Ni rahisi, haina gharama, na inafanya kazi kila mara kwa sababu sisi watazamaji tunaimalizia wenyewe kwa kauli yetu ile ya vyeo.

Tena si mambo mapya, eti yameletwa na programu za simu. Watu wa Njombe wanaijua habari ya kuitwa namba. Babu zao, Wabena na Wakinga, walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na tangu 1944 kulikuwa na SILABU, ofisi maalumu ya wenye mashamba ya kukusanya watu na kuwapeleka huko. Jina la manamba limetokana na namba hizo. Ukifungua programu ya kampuni leo ukaona "mpelekaji wako ni namba fulani", kumbuka hilo.

Manamba hao nao walikuja kupata chama, na chama kilipata kiongozi aliyesumbua watu, Victor Mkello. Mwanzoni mwa 1963, Tanganyika ikiwa huru kwa mwaka mmoja na ushee, Mkello na mwenzake waliondolewa na serikali wakapelekwa kukaa Sumbawanga. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, shirikisho la vyama huru, TFL, likavunjwa na ikaundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Michael Kamaliza akawa katibu mkuu huku akiwa Waziri wa Kazi. Hebu fikiri: unakwenda kumshtaki waziri kwa kiongozi wako wa chama, unamkuta ni yeye yule! Waliotetea utaratibu huo walikuwa na hoja yao: nchi changa, wakulima wengi, wafanyakazi wa mshahara wachache, migomo mingi. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini iliacha kitu. Kutoka NUTA tukaja JUWATA, tukaja OTTU mwaka 1991, na kwa karibu miaka thelathini mfanyakazi wa Tanzania alifundishwa kwamba kiongozi ni mtu anayeshuka kutoka juu. Leo kijana wa Makambako, aliyezaliwa NUTA ikiwa imeshasahaulika, bado anatazama juu kuona mwenyekiti gani "ametambuliwa".

Na kinachotoka juu huweza kurudishwa juu. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za usafiri wa mtandao zinamkata dereva. Madereva wakafurahi. Aprili Uber ikasimamisha huduma nchini. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 25, Uber ikarudi. Mimi siilaumu LATRA kwa kujaribu. Ninachoona ni kwamba waliokuwa wanavutana kamba ni mamlaka na kampuni. Dereva alipewa na akanyang'anywa, na hakuna karatasi ya makubaliano yenye sahihi ya mtu aliyemchagua yeye.

Najua jibu mtakalonipa. "Lakini ndugu mwandishi, viongozi wengine wa hao vijana ni wezi kweli." Ndiyo. Wapo. Mwenyekiti anayekusanya ada bila risiti, anayeahirisha uchaguzi kwa sababu "hali ya hewa ya kisiasa si nzuri", anayefuta jina la mpinzani kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane, huyo ni mwizi, na wenzake wana haki ya kumng'oa hata kwa kelele. Sitamfunika kwa sababu ni maskini mwenzetu. Ila wizi wake na haki ya wenzake ni mafaili mawili tofauti.

Mfano mzuri wa mafaili haya mawili uko Marekani, kwenye kampuni ya vifurushi ya UPS. Ron Carey alikuwa dereva wa kampuni hiyo, akachaguliwa kuongoza tawi la New York, na mwaka 1991 akachaguliwa rais wa chama kizima cha Teamsters, chama kilichokuwa na sifa mbaya ya kuchezewa na majambazi. Agosti 1997 aliongoza mgomo wa wafanyakazi wapatao 185,000 wa UPS. Walikaa nje siku 15, na kampuni ikakubali, pamoja na mengine, kugeuza kazi za vibarua wa saa chache kuwa nafasi 10,000 za kudumu. Siku chache tu baada ya mgomo, uchaguzi wa Carey wa 1996 ukafutwa kwa sababu ya fedha chafu za kampeni. Alifukuzwa kwenye chama. Mwaka 2001 mahakama ilimwachia huru kwa mashtaka ya uongo, lakini hakurudishwa. Unaweza kubishana mpaka kesho kama Carey alijua au hakujua. Zile nafasi 10,000 zilikuwa haki ya watu waliobeba maboksi, awe Carey malaika au awe nani. Hakuna mwenye akili aliyesema kibarua wa UPS hakustahili kazi ya kudumu kwa kuwa rais wake wa chama ana kesi.

Mbona kwa kijana wa Makambako tunasema?

Nadhani ni kwa sababu hatujamsoma. Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979 hakuanza na mgomo wa 1948 wa makuli wa Zanzibar. Alianza na mtu, Rashidi, tangu akiwa mtoto wa kuli, mpaka naye anakuwa kuli, na mgomo unapofika msomaji hahitaji kuambiwa kwa nini watu wameweka chini magunia. Ndiyo maana hakuna mtu, hata yule profesa asiyependa siasa kwenye riwaya, anayefunga kitabu kile na kusema makuli walikuwa wanagombea vyeo. Tumempa Rashidi uvumilivu ambao tunamnyima jirani yake aliyeko nje ya geti anapiga honi. Uhakiki wetu unashiba na bandari ya 1948, mashamba ya mkonge, vijiji vya ujamaa. Deiwaka wa leo, anayeamka saa kumi alfajiri kulipokea basi, tunamwachia mwandishi wa habari amalize kwa aya nne chini ya picha. Mimi ndiye huyo mwandishi wa aya nne, najua zinavyobana. Na nikisikia tena kwamba fasihi haipaswi kujishusha kwenye ugomvi wa stendi, nitauliza tu ugomvi wa bandari ulipandishwa na nini zaidi ya muda kupita.

Nirudi kwenye jambo lisilosubiri riwaya. Sheria ya 2004 inasema wafanyakazi 20 wanaweza kuanzisha chama, na chama kilichosajiliwa kinaweza kuwa na mwakilishi kazini hata kama wanachama hapo hawafiki kumi. Sheria hiyo hiyo na kanuni zake zinampa aliyeachishwa kazi siku 30 tu kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuachishwa kwenyewe siku hizi hakuna barua: unafungua simu asubuhi, unakuta umeondolewa kwenye kundi la kazi, vifurushi vimepewa mwingine. Kijana anakwenda kwa mwenyekiti wa kwanza, anaambiwa aende kwa wa pili. Wa pili anamwambia asubiri kikao cha Jumapili kitakachoamua mwenyekiti halali ni nani ndipo barua ipigwe mhuri. Kikao kinavunjika. Kinapangwa kingine. Hakuna aliyemwambia kwamba fomu ya Tume anaweza kuijaza mwenyewe, bila mhuri wa mwenyekiti yeyote, na kwamba leo ni siku ya kumi na tisa.