Hata Mapumzikoni Lindo Lisiachwe

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Maneno hayo niliyasikia utotoni, nikayasikia tena kwa wakufunzi wetu katika shule ya makadeti, lakini maana yake sikuipata barabara hadi siku niliposimama ukingoni mwa Ziwa Taupo, katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand.

Taupo ni mji wa mapumziko. Ziwa lake lina eneo la kilomita za mraba 616, na upande wa kusini huonekana milima ya Tongariro yenye vilele vya theluji. Alfajiri utawaona wavuvi wa samaki aitwaye trauti wakiwa wamesimama majini kimya, kila mmoja na leseni yake mfukoni. Wala samaki huyo haruhusiwi kuuzwa, ni wa kitoweo cha aliyemvua. Wengine hupiga makasia hadi kwenye jabali lililochongwa sura ya mtu kwa ufundi wa Wamaori, wengine huendesha baiskeli, na wenye moyo huruka angani kwa mwavuli. Mto Waikato hutoka ziwani hapo mjini, na si mbali na hapo hubanwa kutoka upana wa mita 100 hivi hadi mita 15, ukaporomoka kwa ngurumo katika maanguko ya Huka.

Lakini, ndugu askari, ziwa hilo zuri ni mdomo wa volkano. Zaidi ya miaka 25,000 iliyopita mlipuko mkubwa ulilichimba shimo lake, na miaka ipatayo 1,800 iliyopita ukatokea mwingine wa kutisha. Moto huo haujazimika. Karibu na mji, mahali paitwapo Craters of the Moon, ardhi hufuka mvuke na tope huchemka kama uji jikoni. Mgeni hupita juu ya njia ya mbao, na aonywa asitoke nje yake hata hatua moja. Jirani yake, huko Wairakei, mvuke huo umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1958.

Je, wakazi wa Taupo hulalaje usingizi? Hulala kwa sababu wako walio macho. Wataalamu wametega mashine za kupima mitetemeko kulizunguka ziwa, nazo husomwa usiku na mchana. Mwezi Septemba 2022, matetemeko madogo yalipozidi, kiwango cha tahadhari cha volkano hiyo kilipandishwa kutoka sifuri hadi moja kwa mara ya kwanza, kikashushwa Mei 2023. Hakuna aliyekimbia, wala hakuna aliyedharau.

Liko pia kaburi ambalo kila askari apitaye huko yampasa alizuru. Kilomita 17 hivi kutoka mjini, kando ya barabara iendayo Napier, kuna msitu uitwao Opepe. Tarehe 7 Juni 1869 askari wapanda farasi 14 wa serikali ya kikoloni walibaki hapo, wamechoka na kulowa, huku kamanda wao akitangulia na wachache. Wakaanika nguo zao, wasiweke mlinzi. Wakaja watu waliojifanya marafiki, kumbe ni wapiganaji wa Te Kooti, yule Mmaori aliyepelekwa uhamishoni mwaka 1866 bila kushtakiwa mahakamani, akatoroka mwaka 1868, na mwishowe akasamehewa mwaka 1883. Askari tisa waliuawa. Sikusudii hapa kuamua nani alikuwa na haki katika vita vile vya ardhi. Nasema tu kwamba wale tisa hawakushindwa kwa uchache wa risasi, bali kwa kukosa mtu mmoja wa zamu.

Wako wenzetu wasemao kwamba askari hahitaji mapumziko, kwani likizo humlegeza. La hasha! Opepe inatufundisha kinyume chake: uchovu ndio uliowaondolea lindo. Mlinzi aliyenyimwa usingizi ni mlango usio na komeo. Kamanda mwema huwapa watu wake likizo kwa zamu, kama apangavyo ulinzi wa lango.

Wako pia wale ambao, wakishika tu karatasi ya likizo, huvua nidhamu pamoja na sare. Afande wa jana leo yu kilabuni, kitambulisho kimepotea, na siri za kambi zinamwagwa mezani pamoja na pombe. Aliye kando yake akicheka naye, amemjua ni nani? Hata wale wa Opepe walidhani wamepata marafiki.

Kwa hiyo nasihi yangu kwa askari na polisi ni hii: ombeni likizo zenu, nendeni na jamaa zenu mkaone maziwa na chemchemi za maji ya moto. Si lazima kuvuka bahari. Sempaya, katika mbuga ya Semuliki, maji huchemka kiasi cha kuivisha yai. Pumzikeni, chekeni, mrudi na nguvu mpya. Lakini njia ya mbao msiiache, kwa maana mwananchi huoga ziwani kwa furaha akijua kwamba yuko mtu anayekesha kwa ajili yake. Mtu huyo ni wewe.